Mahali pa Sharti: Jinsi Hifadhidata Inavyojumlisha Rekodi kwa Makundi

Kila mwisho wa mwezi, zahanati na vituo vya afya nchini Tanzania hufunga hesabu za vitabu vya MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, ili wagonjwa walioandikwa mmoja mmoja wageuke kuwa jumla zinazoweza kupelekwa wilayani. Rejista ina mstari mmoja kwa kila mgonjwa, pamoja na umri wake, jinsi yake, vipimo alivyofanyiwa na dawa alizopewa. Taarifa ya mwezi, kwa upande wake, haina haja ya kumjua mtu yeyote kwa jina, bali inataka kujua ni wangapi walio chini ya miaka 5, ni wangapi waliopimwa malaria, na kati yao ni wangapi waliokutwa na vimelea. Safari ya kutoka kwenye rejista hadi kwenye taarifa ina hatua mbili zilizofungamana, ambazo ni kuikusanya mistari katika makundi na, ndani ya kila kundi, kuamua kwa sharti mstari upi uhesabiwe chini ya kichwa kipi. Pale rejista inapokuwa ndani ya kompyuta, hatua hizo mbili huandikwa kwa sentensi moja ya lugha iitwayo SQL. Sentensi hiyo ni fupi na ina nguvu kubwa, lakini inaweza pia kutoa jumla isiyo ya kweli bila kompyuta kulalamika hata kidogo, na kwa sababu hiyo inastahili kueleweka na watu wengi zaidi ya mafundi wanaoiandika.

Wazo lenyewe lilitangulia kompyuta. Katika sensa ya Marekani ya mwaka 1890, iliyohesabu watu karibu milioni 63, mvumbuzi Herman Hollerith alitumia kadi zilizotobolewa, kadi moja kwa kila mtu, ambapo tundu katika nafasi fulani lilionyesha kuwa mtu huyo ni mwanamume, tundu katika nafasi nyingine lilionyesha kuwa alizaliwa nje ya nchi, na kadhalika. Kadi ilipobanwa ndani ya mashine, sindano zilizokuta matundu zilipenya hadi kwenye vikombe vidogo vya zebaki na kukamilisha njia ya umeme, na mshale wa kihesabio kinachohusika ukasogea hatua moja. Kilichoifanya mashine hiyo kuwa ya ajabu ni swichi za umeme zilizoweza kuunganishwa kwa namna ambayo kihesabio fulani hakisogei mpaka matundu mawili au zaidi yapatikane kwenye kadi ileile. Hivyo kadi zilipopita mara moja, vihesabio vingi vilihesabu mambo tofauti kwa wakati mmoja, kila kimoja kwa sharti lake. Kampuni aliyoianzisha Hollerith iliunganishwa na nyingine mwaka 1911, na kuanzia mwaka 1924 kampuni iliyotokana na muungano huo ikajulikana kwa jina la IBM.

Ni katika IBM hiyohiyo, kwenye maabara yake ya San Jose katika jimbo la California, ambapo Edgar F. Codd, mwanahisabati aliyezaliwa Uingereza, alichapisha mwaka 1970 makala iliyopendekeza kwamba data zote zihifadhiwe katika majedwali ya kawaida, na kwamba mtumiaji aeleze anachokitaka bila kulazimika kuielekeza kompyuta njia ya kukipata. Wenzake wawili, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walitangaza mwaka 1974 lugha ya kuyauliza maswali majedwali hayo, lugha ambayo baadaye iliitwa SQL. Boyce alifariki mwaka huohuo, akiwa bado kijana, na hakuiona lugha yake ikienea duniani. Bidhaa ya kwanza ya kibiashara iliyoitumia iliuzwa mwaka 1979 na kampuni ambayo leo inaitwa Oracle, na mwaka 1986 shirika la viwango la Marekani likaikubali kuwa lugha sanifu. Hata hivyo, chombo cha kuweka masharti ndani ya jumla, ambacho ndicho kiini cha makala haya, hakikuingia katika kiwango rasmi hadi toleo la mwaka 1992, na kabla ya hapo kila mtengenezaji alikuwa na mbinu yake, kama vile amri ya DECODE iliyotumiwa na Oracle.

Ili maelezo yasielee hewani, ni vyema kuchukua jedwali moja la kubuni, dogo, lakini lenye sura ya rejista halisi. Jedwali hilo linaitwa wagonjwa, na lina safuwima tano: kituo, ambacho ni jina la zahanati, tarehe ya kuhudhuria, jinsi, umri kwa miaka, na kipimo, ambapo huandikwa chanya ikiwa kipimo cha haraka cha malaria kimeonyesha vimelea, na hasi ikiwa hakikuonyesha. Mstari mmoja wa jedwali ni mahudhurio ya mgonjwa mmoja siku moja. Swali linaloelekezwa kwa jedwali kama hilo huitwa ulizo, na kila ulizo huanza kwa neno SELECT, linalotaja mambo yanayotakiwa kuonekana katika jibu, likifuatiwa na neno FROM, linalotaja jedwali yanakotoka.

Kukusanya mistari katika makundi ni kazi ya maneno GROUP BY. Mwandishi wa ulizo akiandika GROUP BY kituo, kompyuta huitenga mistari yote kwa kadiri ya jina la zahanati, kisha kila kundi hushindiliwa likawa mstari mmoja wa jibu. Kuanzia hapo haiwezekani tena kuuliza umri wa mgonjwa mmoja, kwa kuwa mgonjwa mmoja hayupo tena katika jibu. Kinachoweza kuulizwa ni mambo ya kundi zima, kupitia amri za kujumuisha kama COUNT inayohesabu, SUM inayojumlisha, AVG inayotoa wastani, na MIN na MAX zinazotoa thamani ndogo na kubwa kuliko zote. Programu nyingi za hifadhidata hukataa kabisa ulizo linalochanganya safuwima isiyo ya kundi na jumla ya kundi. Programu ya MySQL kwa miaka mingi iliruhusu mchanganyiko huo na kuchagua yenyewe thamani yoyote ndani ya kundi, mpaka katika toleo la 5.7 kukataa kukafanywa kuwa kanuni ya kawaida, na mabadiliko hayo yaliwaudhi wengi ambao maulizo yao yalikuwa yakitoa majibu ya kubahatisha bila wao kujua.

Tatizo huanza pale taarifa inapotaka jumla kadhaa kwa pamoja, kila moja kwa sharti lake. Njia inayomjia haraka mwanafunzi wa lugha hii ni kutumia neno WHERE, ambalo hukaa kabla ya GROUP BY na kuchuja mistari kabla makundi hayajaundwa. Akitaka idadi ya waliokutwa na malaria katika kila zahanati, huandika WHERE kipimo = 'chanya', kisha huhesabu, na jibu analopata ni sahihi kwa swali hilo moja. Lakini WHERE huitupa nje kabisa mistari isiyotimiza sharti, kiasi kwamba ulizo lililobaki halijui tena kuwa iliwahi kuwapo. Kwa hiyo idadi ya wote waliopimwa, inayohitajika ili kupata asilimia, haiwezi kupatikana kutoka katika ulizo hilohilo. Kuna hasara nyingine iliyo kubwa zaidi na isiyoonekana kwa urahisi. Zahanati ambayo mwezi huo haikupata mgonjwa hata mmoja wa malaria haitaonyeshwa ikiwa na sifuri, kwa sababu mistari yake yote imetupwa kabla ya makundi kuundwa, na kundi lisilo na mstari halipo; jina lake litatoweka kwenye orodha. Mtu wa wilayani anayeisoma taarifa hiyo hawezi kutofautisha zahanati isiyo na malaria na zahanati ambayo haikuleta taarifa kabisa, ilhali ya kwanza ni habari njema na ya pili ni kasoro inayodai kufuatiliwa.

Njia iliyo bora ni kuliondoa sharti mlangoni na kuliingiza ndani ya jumla yenyewe. Hapo hutumika maneno CASE, WHEN, THEN, ELSE na END, ambayo kwa pamoja hutunga kifungu cha uchaguzi: CASE hukifungua, WHEN hutaja sharti, THEN hutaja thamani itakayotolewa sharti likitimia, ELSE hutaja thamani ya kutolewa lisipotimia, na END hukifunga. Kifungu CASE WHEN umri < 5 THEN 1 ELSE 0 END huusoma mstari mmoja na kutoa 1 kwa mtoto mwenye umri wa chini ya miaka 5, na 0 kwa mwingine yeyote. Kifungu hicho kikiwekwa ndani ya mabano ya SUM, jumla ya hizo moja na sifuri inakuwa idadi ya watoto katika kundi, na hakuna mstari uliotupwa. Kando yake, katika SELECT ileile, huweza kuandikwa SUM nyingine kwa wenye miaka 5 na kuendelea, nyingine kwa wanaume, nyingine kwa wanawake, nyingine kwa waliokutwa na vimelea, na COUNT ya wote. Jibu hutoka likiwa na mstari mmoja kwa kila zahanati na safuwima moja kwa kila sharti, kwa umbo lilelile la fomu ya taarifa ya mwezi. Zahanati isiyo na malaria sasa huonekana, ikiwa na sifuri iliyoandikwa waziwazi.

Kwa kufanya hivyo kompyuta huupitia mstari mara moja na kuupeleka kwenye vihesabio vyote, jambo ambalo Hollerith alilifanya kwa swichi. Faida yake haiishii kwenye kasi, ingawa kulisoma jedwali la mamilioni ya mistari mara moja badala ya mara sita ni nafuu inayoonekana. Maulizo sita tofauti, yakiendeshwa moja baada ya jingine wakati makarani bado wanaingiza data, huweza kuliona jedwali likiwa katika hali sita tofauti, na mwishowe idadi ya wanaume na ya wanawake isilingane na idadi ya wote, bila mtu yeyote kuwa amekosea kuandika. Ulizo moja huliona jedwali katika hali moja, na jumla zake zinaweza kusimama pamoja.

Thamani inayotolewa na THEN si lazima iwe 1. Zahanati inapoweka kumbukumbu za mapato, kila mstari huwa na kiasi cha fedha na aina ya malipo, iwe bima, papo kwa papo au msamaha. Kifungu kinachosema kwamba aina ikiwa ni bima itolewe thamani ya kiasi, la sivyo itolewe sifuri, kikiwekwa ndani ya SUM hutoa jumla ya fedha za bima peke yake, na vifungu viwili vingine hutoa zilizobaki. Katika leja ya dawa, ambako mstari mmoja huonyesha mzigo uliopokewa na mwingine dawa zilizotolewa, kifungu chenye WHEN mbili huweza kutoa idadi yenyewe kwa mzigo uliopokewa na idadi hiyohiyo yenye alama ya kutoa kwa dawa zilizotoka, na SUM ya kundi ikawa salio la dawa hiyo lililopo stoo, bila mtu kulazimika kutunza salio hilo katika safuwima ya pembeni inayoweza kusahauliwa. Hapa ndipo uzuri wa mbinu hii unapoonekana kwa ukamilifu, kwa kuwa sharti halisemi tu nani ahesabiwe, bali pia linaamua ahesabiwe kwa uzito gani na kwa upande upi.

Sehemu ngumu zaidi ya somo hili, na ambayo makosa yake hugusa maisha ya watu, inahusu thamani zisizojulikana. Mgonjwa anaweza kuwa amechukuliwa damu na majibu yake yakawa hayajaandikwa. Umri wa mtu unaweza kuachwa wazi kwa sababu aliyemleta hakuujua. Katika SQL nafasi kama hiyo hujazwa na alama ya NULL, ambayo si sifuri na si neno tupu, bali ni tangazo kwamba thamani haijulikani. Codd mwenyewe alitaka hifadhidata ziwe na alama ya namna hiyo, na wapo wataalamu, akiwamo mshirika wake wa miaka mingi C. J. Date, walioipinga kwa hoja nzito, wakisema kwamba inaivuruga mantiki. Mantiki kweli hubadilika: ulinganisho wowote unaohusisha NULL hautoi kweli wala si kweli, bali hutoa jibu la tatu, haijulikani. Kipimo kisichojulikana si sawa na hasi, wala hakihesabiwi kuwa tofauti na hasi. Sharti linalosema kipimo kisiwe hasi halitimizwi na mstari huo, kama vile sharti linalosema kipimo kiwe hasi lisivyotimizwa. Kifungu cha CASE, kikikutana na jibu la tatu, hulichukulia kuwa ni sharti lisilotimia na kuendelea mbele hadi kwenye ELSE.

Matokeo yake yanaweza kuonekana kwa hesabu ndogo. Zahanati moja ichukuliwe kuwa na wagonjwa 10, ambao 4 kipimo chao ni chanya, 3 ni hasi, na 3 ni NULL kwa kuwa majibu hayajaandikwa. Mwandishi wa ulizo anataka kiwango cha maambukizi miongoni mwa waliopimwa, naye anajua hila nzuri ya kutumia AVG: wastani wa moja na sifuri ndio uwiano wa hizo moja. Akiandika kwamba kipimo kikiwa chanya itolewe 1, la sivyo 0, zile NULL 3 huangukia kwenye ELSE na kuwa sifuri, na wastani unakuwa 4 kwa 10, yaani asilimia 40. Akiandika WHEN mbili, kwamba chanya itoe 1 na hasi itoe 0, kisha asiweke ELSE yoyote, kifungu hutoa NULL kwa mistari isiyojulikana. Na kwa kuwa AVG, kama ilivyo SUM, huziruka thamani za NULL, wastani unakuwa 4 kwa 7, yaani takriban asilimia 57. Tofauti ya takriban pointi 17 za asilimia imetokana na neno moja, ELSE, ambalo limewageuza watu watatu wasio na majibu kuwa watu watatu wasio na malaria. Kompyuta haikutoa onyo lolote, kwa sababu maulizo yote mawili ni sahihi kisarufi. Ni moja tu linalojibu swali lililoulizwa.

Kutoka hapo si jambo la kushangaza kwamba kosa linalorudiwa mara nyingi katika uandishi wa maulizo haya ni la kuchanganya COUNT na SUM. COUNT inayopewa safuwima au kifungu huhesabu mistari yote ambayo thamani yake si NULL, na sifuri si NULL. Hivyo COUNT ya kifungu kinachotoa 1 au 0 huhesabu moja na sifuri kwa pamoja, na katika mfano uliotangulia itatoa 10, ilhali waliokutwa na vimelea ni 4. Anayependelea COUNT hana budi kuiacha ELSE, ili mistari isiyotimiza sharti itoe NULL na kurukwa. Anayependelea SUM anafanya vyema kuiweka ELSE yenye sifuri, kwa kuwa SUM ikikutana na kundi ambalo thamani zake zote ni NULL hutoa NULL badala ya sifuri, na nafasi tupu hiyo katika taarifa iliyochapishwa huzua maswali. Amri ya COALESCE, inayochukua thamani ya kwanza isiyo NULL kati ya zile ilizopewa, hutumika kuibadilisha nafasi tupu kuwa sifuri, lakini itumike pale tu ambapo sifuri ndiyo maana halisi.

Kosa jingine lipo kwenye mipaka. Maneno BETWEEN 0 AND 5 hujumuisha 0 na 5 zenyewe, na BETWEEN 5 AND 60 hujumuisha 5 na 60. Masharti hayo yakiwekwa katika SUM mbili, mtoto aliyetimiza miaka 5 huhesabiwa mara mbili. Ni salama zaidi kuandika kila kundi la umri kwa alama za ulinganisho, kwamba umri ni 5 au zaidi na ni chini ya 60, ili mwisho wa kundi moja uwe mwanzo wa jingine bila kupishana wala kuacha pengo. Na pale ambapo makundi ya umri yanaandikwa ndani ya CASE moja yenye WHEN nyingi, msomaji akumbuke kwamba kompyuta husimama kwenye sharti la kwanza linalotimia: sharti la umri chini ya 60 likitangulia lile la umri chini ya 5, watoto wote watamezwa na kundi la wakubwa.

Ugawaji una mtego wake pia, ambao hutofautiana kati ya programu na programu. PostgreSQL, SQLite na SQL Server zikigawanya namba nzima kwa namba nzima hutupa sehemu ya desimali, kwa hiyo 4 kwa 7 inakuwa sifuri na zahanati yenye malaria nyingi huonekana haina kabisa. Katika SQL Server hata AVG ya namba nzima hukatwa vivyo hivyo. MySQL na Oracle hutoa desimali. Kuandika 1.0 badala ya 1 ndani ya THEN hutosha kuondoa hatari hiyo.

Hatari inayohitaji uangalifu mkubwa zaidi hutokea majedwali mawili yanapounganishwa kabla ya kujumlisha. Ikiwa dawa zilizotolewa zimewekwa katika jedwali la pili, mstari mmoja kwa kila dawa, mgonjwa aliyepewa dawa tatu atakuwa na mistari mitatu baada ya kuunganisha, na kila SUM ya masharti itamhesabu mara tatu. Jumla huwa kubwa, lakini si kubwa kiasi cha kutia shaka, na ndiyo maana kosa hili huweza kuishi ndani ya taarifa kwa miezi mingi. Baadhi ya watu hujaribu kulitibu kwa kuongeza neno DISTINCT ndani ya SUM, na hapo huharibu zaidi, kwa kuwa SUM ya namna hiyo huondoa thamani zinazofanana hata zikiwa za watu tofauti: wagonjwa wawili waliolipa shilingi 5,000 kila mmoja huhesabiwa kuwa wamelipa 5,000 kwa pamoja. Tiba sahihi ni kulijumlisha kwanza jedwali la dawa hadi libaki mstari mmoja kwa kila mahudhurio, ndipo liunganishwe. Au, ikiwa kinachotakiwa ni idadi ya watu tu, kuhesabu namba za wagonjwa zisizojirudia kwa COUNT DISTINCT ya kifungu kinachotoa namba ya mgonjwa sharti linapotimia, bila ELSE, maana ELSE yenye sifuri ingeongeza mgonjwa wa uongo mwenye namba 0.

Kiwango cha SQL cha mwaka 2003 kilileta namna nyingine ya kuandika jambo lilelile, ambapo neno FILTER hufuata amri ya kujumuisha na kubeba sharti lake lenyewe, kwa hiyo mwandishi huandika COUNT na kusema wazi ni mistari ipi ihesabiwe katika hesabu hiyo peke yake. Ulizo husomeka vizuri zaidi, na mkanganyiko wa ELSE hutoweka. PostgreSQL iliipokea katika toleo la 9.4 la mwaka 2014, na SQLite katika toleo la 3.30 la mwaka 2019. MySQL haina, na kwa sababu hiyo CASE inabaki kuwa lugha inayoeleweka kila mahali. SQL Server tangu toleo la 2005 ina amri ya PIVOT, inayogeuza thamani za mistari kuwa vichwa vya safuwima, lakini uandishi wake ni mzito.

Mambo haya yana uzito wa pekee katika Afrika Mashariki, kwa kuwa taarifa za afya za eneo hili zimejengwa juu ya jumla za masharti. Kenya ilianza kutumia mfumo wa kompyuta wa taarifa za afya uitwao DHIS2 nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania nayo hupeleka taarifa za MTUHA katika mfumo huohuo, ambao uliendelezwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo na huhifadhi data zake katika PostgreSQL. Katika vituo vingi ambavyo rejista yake bado ni ya karatasi, kinachoingia katika mfumo ni jumla zilizokwisha kufanywa kwa mkono, kwa kuchora vijiti na kuvihesabu, na masharti ya umri na jinsi hubaki kichwani mwa aliyehesabu. Kituo kinapohamia kwenye rejista ya kompyuta, masharti hayo huandikwa kwa mara ya kwanza mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuyasoma na kuyahoji, na hilo ni jambo la kupiganiwa. Mganga mkuu wa wilaya anayeuliza kwa nini asilimia imeshuka anaweza kuonyeshwa kifungu chenyewe, na kuona kama wasio na majibu wamewekwa upande wa wazima.

Kwa sababu hiyo, ulizo lililoandikwa kwa uaminifu huongeza safuwima ambazo fomu haikuziomba. Kando ya idadi ya walio chini ya miaka 5 na ya wenye 5 na kuendelea, huwekwa SUM ya tatu yenye sharti umri IS NULL, kwa kuwa IS NULL ndiyo njia ya kuuliza kama thamani haijulikani, na alama ya usawa haiwezi kufanya kazi hiyo. Kisha huwekwa safuwima ya mwisho inayochukua COUNT ya mistari yote na kutoa jumla ya zile tatu. Zahanati yenye watoto 4, wakubwa 5 na mtu 1 asiyejulikana umri italeta sifuri katika safuwima hiyo, kwa maana kila mstari umepata mahali pake pamoja. Ikileta namba iliyo chini ya sifuri, yupo aliyehesabiwa mara mbili kwa mipaka inayopishana, na ikileta iliyo juu ya sifuri, yupo aliyeangukia kwenye pengo kati ya masharti. Na pale safuwima ya wasiojulikana inapoonyesha 1 badala ya kufichwa ndani ya ELSE, mganga mfawidhi wa zahanati hiyo anaweza kufungua rejista kwenye tarehe inayohusika na kuujaza umri uliokosekana kabla taarifa haijatumwa.